Siku Niliyomwigiza Mama Siwema

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, wapiga picha za sinema walitoka Dar wakaja kwetu Bagamoyo. Nilikuwa mwalimu kijana, kiherehere kimenijaa. Nakwambia haya kwa sababu nimesikia nawe umenunua kamera, unataka kutengeneza filamu.

Picha yao ilihusu wasafiri wasiojuana. Basi linawaharibikia njiani karibu na Vigwaza, wanashinda kutwa kando ya barabara, na kufika jioni wamekuwa ndugu. Wazo zuri kabisa. Miongoni mwao alikuwemo mwanamke wa Kikwere kutoka shamba. Mkubwa wa wapiga picha alipouliza nani atamwigiza, nikadakia, "Mimi hapa!" Mtoto wa mjini, jembe hata kulishika sijawahi.

Nilijiona namjua Mkwere ndani nje. Kila Jumamosi Mama Siwema wa Fukayosi alituletea mihogo nyumbani, na mimi na yeye tulikuwa watani. Yeye ananiambia watu wa mjini kazi yetu kukaa barazani na kusengenya. Mimi namwambia watu wa shamba wakiona lami wanavua viatu. Tunacheka mpaka tunashika mbavu. Binti yake Siwema alikuwa darasa la sita, nikimfundisha mimi, akikaa kwa shangazi yake mjini. Mtoto alikuwa na akili, acha tu!

Basi nikafunga kanga upande, nikatembea kama naruka madimbwi, nikaongea Kikwere cha kubuni, nikapiga ukelele wa woga redio ilipowashwa. Wapiga picha walicheka hadi machozi. Kichwa kikanivimba.

Picha ilipokamilika walituletea tuione, mchana, ukumbini mwa shule, madirisha tumeyaziba kwa mablanketi, kitambaa cheupe kimetundikwa ukutani. Watu walicheka, wee! Mama Siwema alikaa nyuma na kapu lake, akatoka kabla ya mwisho. Nikadhani anawahi gari.

Jumatatu Siwema hakuja shule. Jumanne hakuja. Nikaambiwa watoto wanamfuata njiani wakitembea kama nilivyotembea mimi, naye amerudi kwa mama yake, shule hataki tena kuisikia. Nikafunga safari ya Fukayosi.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mwalimu. Karibu kiti."

Siku zote aliniita mtani. Nikaanza kujitetea: "Mama, ule ulikuwa utani tu."

Akaweka chini kisu alichokuwa akimenyea mihogo. "Kwenye utani mimi nakujibu. Ukinitupia, nakutupia. Pale ukumbini ningekujibu vipi, nigombane na kitambaa?" Kisha akasema polepole, "Kila Jumamosi niko mlangoni kwako. Hata siku moja hukuniuliza tunaishije."

Nililia, mwanangu, sioni haya kusema. Jumatatu iliyofuata nilisimama mbele ya shule nzima nikakiri kosa langu. Mama Siwema, niliyemsihi aje na binti yake, alikuwa kiti cha mbele, nikamwomba anijibu. Alinijibu! Akaigiza mwalimu wa mjini anayeogopa kuvuka mfereji asije akachafua viatu. Watoto wakaangua kicheko, Siwema naye akacheka, na siku ile ile akaingia darasani.

Lakini picha ilikuwa imekwishapakiwa garini, inazungushwa wilaya nyingine. Niliandika barua mbili, sikujibiwa. Huko ilikokwenda kuna mabinti wa watu waliochekwa kwa sababu yangu, na mimi sikuwepo kuwaomba radhi.

Kwa hiyo ukitaka kuonyesha wageni wanaokutana, usikusanye watu wa mtaa wako ukawavisha nguo za wenzao. Mwendee mkulima wa Fukayosi, mwendee mvuvi wa Mbegani, kaa naye, muulize, aseme kwa kinywa chake. Na kabla hujawaonyesha wengine, mwonyeshe yeye kwanza. Akisema, "Hapa sipo mimi," kata kipande hicho. Mungu akujaalie subira ya kuwasikiliza watu, akubarikie mikono na hiyo kamera yako, na akuepushe na deni la radhi kama langu, ambalo wanaonidai siwajui hata majina. Amina.