Ngano Nyeupe Iliyokataa Kuota

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha utafiti kule Makueni, Daktari wa Mbegu alinikabidhi kibano kidogo akaniambia, "Ndunge, leo utahasi ngano." Nikacheka. Yeye hakucheka. Ua la ngano lina dume na jike pamoja, akanieleza, na ukitaka kuzalisha ngano mbili tofauti lazima utoe sehemu za kiume za moja zikiwa bado changa, kisha uipake chavua ya nyingine. Nilikuwa nimetoka Mbumbuni, mkono wangu umezoea jembe. Kufikia adhuhuri macho yalikuwa yananiwasha na nilikuwa nimemaliza masuke mawili.

Ngano nyeupe niliichavusha kwa chavua ya nyekundu. Mbegu zilipokomaa zilikuwa nyeupe zote. Nikaenda kwa Daktari nikijua kazi imeniponyoka.

"Nimeharibu. Baba haonekani kabisa."

"Hujaharibu. Ganda la mbegu ni la mama. Mtoto yuko ndani. Panda, ungoje masuke yake."

Msimu uliofuata kila suke lilizaa mbegu nyekundu. Nilizifikicha kiganjani nikakimbia nazo ofisini bila hata kunawa miguu.

Hapo ndipo nilipoanza kuipenda kazi. Wekundu wa ngano hutokana na jeni, yaani maagizo ya urithi. Ziko tatu, na hata moja peke yake hutosha kuipa mbegu rangi. Nyeupe ni ile iliyozikosa zote. Tena wekundu huja na usingizi: mbegu imekomaa, inanyeshewa, na bado inakataa kuota. Nyeupe usingizi wake ni mwepesi. Shida ni kwamba watu wetu walitaka nyeupe, kwa sababu ya chapati.

Baadaye nilihamishiwa Kitui, kwenye shamba la majaribio karibu na Tulia. Sisi ni watu wa mbaazi na ndengu, lakini kituo kilitaka kujua kama ngano ya ukame ingefaa huko. Jirani wa shamba, mjane aliyeitwa Mama Mwikali, alikubali kupanda mbegu yetu nyeupe katika nusu ya shamba lake.

Mvua ikaja masuke yakiwa yamekauka, tukingoja kuvuna. Ilinyesha wiki nzima. Ilipoacha, vijizizi vilikuwa vinachungulia kwenye kila suke. Mama Mwikali alisaga alichookoa, akaniita jikoni kwake. Mbegu ikishaanza kuota wanga wake huharibika: chapati zilikuwa zimenata kwenye kikaango, ndani mbichi.

"Ndunge, mbegu yenu imeotea huko juu. Hawa watoto nitawapa nini mpaka mvua ingine?"

 Nilirudi shambani nikamkuta Meneja wa Majaribio, mtu wa haraka sana.

"Kata yote, ng'ombe wale," akasema.

Kabla ya kukata nilipita mstari kwa mstari, kila mmoja na uzao wake. Mmoja ulikuwa haujaota. Nikafikicha suke: mbegu nyeupe, kavu, zimelala.

"Hiyo ni nyekundu iliyopauka," Meneja akasema.

"Nipe wiki moja, bwana Meneja. Nikikosea nitaikata mwenyewe."

Niliziloweka mbegu kwenye sahani ya kostiki soda, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni. Nyekundu hugeuka kahawia, nyeupe hugeuka manjano. Nilisimama juu ya ile sahani nikizikagua moja moja. Manjano, zote. Nyingine mia nikazilaza kwenye karatasi yenye maji. Siku ya saba zilikuwa zimeota tatu tu.

Nikampigia Daktari simu. Akasema, "Hesabu tena." Nikahesabu tena. Kesho yake aliendesha gari mwenyewe kutoka Makueni.

"Usingizi huu hautoki kwenye rangi," akasema, mbegu moja kiganjani. "Kuna jeni zingine."

 Meneja alileta waya akauzungushia ule mstari kwa mikono yake.

Tuliuzalisha na ngano zenye mavuno mazuri kwa misimu mingi. Mara nyingi usingizi ulipotea kwa watoto, kwa maana jeni zake ni nyingi na kila moja huchangia kidogo. Tulipopata uzao ulioushika, Mama Mwikali alitaka upandwe kwake kwanza. "Ikilala hapa kwangu, nitaamini." Mvua ilinyesha tena wakati wa mavuno. Ngano yake ikalala, akavuna.

Sasa nimestaafu, niko Mukuyuni. Vijana wa siku hizi hukata kipande cha jani tu, mashine ikawasomea jeni. Huniuliza kama nawaonea wivu. Ndiyo, nawaonea. Juzi msichana mmoja wa maabara alinipigia nikiwa navuna mbaazi. Akaniambia wamepata mahali hasa jeni mojawapo ya ule usingizi inapokaa. Niliweka kikapu chini, nikakaa palepale mchangani, nikamwomba anieleze polepole, asiruke kitu.