Vinara vya Mama

Karatasi ya kung'aa ya kufungia zawadi ikiungua hunuka plastiki na sukari iliyogandia sufuria. Juzi mwanangu aliitupa moja jikoni, motoni, nikamfokea mpaka akalia. Hakuwa na kosa. Nisameheni, wasomaji wangu, harufu hiyo hunipandisha hasira tangu nina miaka tisa.

Kwetu ni Ikombe, kijiji cha kando ya ziwa ambako hufiki bila mtumbwi, na mwanamke asiyefinyanga huulizwa anaumwa nini. Mwaka huo kanisa lilitaka vinara vinne vya mishumaa kwa ajili ya Krismasi, na kazi akapewa Mama. Alikuwa hajawahi kuumba kinara maishani mwake. Alijaribu, akabomoa, akajaribu tena. Vilipokubali alivisugua kwa kokoto laini ya ziwani, akavipaka udongo mwekundu, akavichora maua meupe, kisha akavichoma pamoja na vyungu vya jirani zetu. Wanawake walivishika kimoja kimoja wakimsifu, naye Mama akajifanya hasikii.

Mimi niliona vyungu vya maharage tu! Nilikuwa nimeona vinara vya kioo kwenye kalenda, basi nikaona aibu tupu. Nikaomba nivipeleke kanisani mwenyewe. Huko, nyuma ya ukuta, nikavivika karatasi ya dhahabu kuanzia kitakoni hadi mdomoni, kwa gundi ya uji wa muhogo niliyoificha kwenye kopo. Pambo la kijinga kuliko yote niliyowahi kuyaona, na nililitengeneza mimi.

Ibada ya Krismasi ikaanza. Wimbo wa pili haujaisha, mshumaa mmoja ukashuka ukaifikia karatasi. Ikawaka, ikadondokea kitambaa cha madhabahu. Mwinjilisti, mgeni aliyetoka Kyela mjini, aliuzima moto kwa joho lake. Akageuka akiwa amefura.

"Nani amepamba hivi?"

Nilikuwa mbele kabisa. Nikasema, "Mama."

Mama akasimama. Aliniangalia kidogo tu.

"Ndiyo, baba. Ni mimi. Mtusamehe."

"Umefinyanga miaka yote hiyo, mama, hujui kitu kinachoshika moto? Mwakani tutanunua vya dukani."

"Ndaga, baba," alisema Mama. Akamshukuru! Mtu anamvua nguo mbele ya watu, naye anashukuru. Vinara vikatupwa nje. Havikuwa na hata ufa. Chini ya masizi maua yalikuwa yanaonekana. Hakuna aliyemwomba tena Mama kitu cha kanisani, naye hakuumba kinara kingine mpaka tunamzika.

Nilimkasirikia mwinjilisti kwa miaka mingi, maana ni rahisi kumkasirikia mgeni. Kisha nikawa fundi cherehani, nikajua maana ya mtu kuwa na jina kwa kazi ya mikono yake. Mama hakuwa na shamba wala ng'ombe. Alikuwa na jina hilo tu, akalitoa nisichapwe. Heri angenizaba kibao palepale!

Na kuna jambo lililochelewa zaidi kuniingia akilini. Kanisa lilijaa wafinyanzi. Wanawake wale walikuwa wamevishika vinara vile vikiwa bado na joto la moto, wakayaona maua yake. Wote walijua Mama anadanganya, na walijua ni kwa ajili ya nani. Mjinga mle ndani nilikuwa peke yangu, nikatoka nje nikirukaruka kwa furaha kwamba sikukamatwa.