Pikipiki ya Mzee Wambura Haitaki Oili

Ipo siku moja inayonirudia kila ninaponusa oili, mwanangu. Ilikuwa Jumamosi, huko Buswahili, nyumbani kwa watu ambao wakati ule nilikuwa na hakika watakuwa wakwe zangu.

Najua utacheka nikikuita mwanangu. Hatukupishana sana umri, na juzi nilipokukuta Kabasa niliona ndevu zako zimeshazidi zangu. Lakini baba yako ni kaka yangu, kwa hiyo mimi ni baba yako mdogo, na kwa kuwa kaka hapendi kuzungumza habari za ndoa, kazi hii imeniangukia. Nilifikiri nikuite tukae, nikaona utanikatiza. Nikafikiri nikupigie simu, nikaona nitajikatiza mwenyewe. Basi nimeandika.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nina shahada ya mitambo na sina kazi, naishi kwa baba yako hapa Bunda. Vijana wa Manyamanyama waliniita injinia, na walivyolitamka neno hilo ulijua kwamba si sifa. Nilikuwa na mchumba, Veronika, binti wa Mzee Wambura. Mzee huyu alikuwa bwana shamba wa pamba, na alipostaafu alibaki na pikipiki ya Kiingereza, ya zamani kuliko mimi na kuliko binti yake. Nayo ilikuwa imekufa. Ililala bandani, imefunikwa magunia.

Mshenga wetu alipopeleka habari zangu, mzee hakuuliza ukoo wala dini. Alijibu, "Amesoma mitambo. Aifanye itembee, halafu mje tuongee." Kwa hiyo mlango wa kumpata Veronika ulikuwa pikipiki ile, na kila mtu alilijua hilo.

Nikueleze ugonjwa wake, maana usipouelewa hutaelewa kilichonipata. Katika pikipiki za namna ile injini iko peke yake na giaboksi iko peke yake. Katikati kuna cheni fupi inayochukua nguvu ya injini na kuipeleka kwenye klachi. Cheni na klachi vinakaa pamoja ndani ya kava la bati, na humo humwagiwa oili kidogo ili cheni isisagike. Shida ni kwamba bati lile huvuja. Ukiisimamisha pikipiki uani, asubuhi unakuta imejikojolea. Ndiyo maana Mzee Wambura, miaka yote ya kazi yake, kila Jumamosi aliifuta, akafungua kifuniko kidogo cha shaba juu ya kava, na kuiongezea oili. Alipougua na kuacha desturi hiyo, mtoto wake mmoja akaiendesha ikiwa kavu. Cheni ikakatika.

Nilikaa na tatizo lile majuma mengi. Cheni ya namna ile haikuwepo Musoma, haikuwepo Mwanza. Na hata ingepatikana, nilijiuliza, tungeweka oili gani? Nzito ingechelewa kuvuja, lakini sahani za klachi zingegandana na gia zingelia. Nyepesi ingeachanisha klachi vizuri, ila ingekuwa chini kabla ya Jumatatu. Za magari ya siku hizi zina dawa inayotelezesha kila kitu, hata klachi, ambayo kazi yake ni kushika. Nilichora, nikafuta, nikachora tena. Fundi Idi, mwenye mashine ya kerezo ya kuchongea vyuma pale Manyamanyama, alinitazama siku moja akasema, "Injinia, wewe ungekuwa kuku, yai lingeozea tumboni."

Mwishowe nilichagua mkanda. Mkanda wa mpira wenye meno, kama ule unaozungusha sehemu ya juu ya injini ya gari dogo. Tulitoa puli zake, yaani magurudumu yake ya meno, kwenye injini ya gari iliyokufa, ndogo tukaifunga upande wa injini na kubwa upande wa klachi, baada ya Idi kuzichonga katikati zikakaa sawasawa. Klachi tukaibandika bitana ya kufanya kazi kavu. Chini ya kava tukatoboa matundu ya hewa. Ilikuwa kazi nzuri, mwanangu. Sijawahi kufanya nyingine nzuri kuliko ile, na huwa naumia kuisema hivyo.

Mkanda wa namna ile una sharti moja tu, uwe mkavu. Ukilowa oili mpira unavimba, meno yanaruka, klachi inateleza. Na ukikatika ukajiviringisha humo ndani, gurudumu la nyuma linaweza kukwama ghafla mtu akiwa mwendoni.

Idi alinionyesha kile kifuniko cha shaba. Kilikuwa kimeng'aa kwa vidole vya mzee. "Hiki tukizibe?" akauliza. Nilifikiri sana. Niliona kukiziba ni kama kumwambia mzee kwamba mkono wake hautakiwi tena pale. Nikasema tukiache kilivyo.

Sasa kilichobaki kilikuwa kumwambia mwenyewe. Wewe unajua desturi yetu. Baba mkwe huongei naye uso kwa uso, humpi mkono, hukai naye mkeka mmoja. Neno lako linapita kwa mshenga. Mshenga wangu alikuwa Mzee Masatu, mvuvi mstaafu, rafiki wa babu yako, mtu mwenye sauti ya chini ambaye hakuna nyumba iliyowahi kumfungia mlango. Nilimfuata kwake Musoma, huku njia nzima nikipanga maneno.

"Baba, naomba umwambie mzee kwamba pikipiki sasa haiwekwi oili kwenye kava."

"Haiwekwi kabisa?"

Lile "kabisa" lilinitisha. Mimi ni nani nimwambie mtu aliyeendesha pikipiki kabla sijazaliwa kwamba hajui kuitunza? Nikasema, "Si hivyo, baba. Mwambie, kama itampendeza, haina haja sana ya oili."

"Haina haja sana," akarudia polepole, kama anayeonja mchuzi. "Hayo yanasemeka."

Nilikuja kujua baadaye jinsi yalivyofika. Masatu alimwambia, "Kijana anasema mambo ya oili utayaangalia mwenyewe, wewe ndiye mwenye chombo." Na Mzee Wambura alifurahi. Alisema, "Huyu ana adabu."

Jumamosi hiyo tukaenda. Wazee walikaa kwenye viti uani, akina mama walikuwa jikoni, na mimi niliwekwa pembeni, uso nimeugeuza kidogo kama inavyotakiwa. Pikipiki ilisimama katikati, imefutwa. Masatu alisema maneno ya kuikabidhi, watu wakapiga vigelegele. Mzee Wambura aliizunguka, akagusa tangi, akagusa taa. Halafu akamwita mtu amletee kitu ndani, na kikaletwa kidebe kimefungwa kitambaa cheupe.

"Hii nilikuwaga nayo tangu ilipokufa," aliwaambia wazee wenzake. "Nilisema, siku itakayoamka itanikuta nayo. Nilikuwaga naiwekea kila Jumamosi. Leo si Jumamosi?"

"Jumamosi," wakaitikia.

Akaanza kukifungua kile kifuniko cha shaba.

Mwanangu, mimi ni mtu wa kuwaza, na sidhani nimewahi kuwaza upesi kama pale. Nilimtazama Masatu. Alikuwa amekaa karibu na mzee, akanirudishia tabasamu, maana aliona mambo yanakwenda vizuri. Nilimtazama Veronika mlangoni mwa jiko, nikamkodolea macho nikitikisa kichwa kidogo. Alidhani namtazama kwa mapenzi mbele za watu, akaona haya, akainama. Nikawaza niseme, nikaona haisemeki. Nikawaza ninyamaze, nikamwona mzee kwenye ule mteremko wa kwenda Butiama, gurudumu limekwama. Nikawaza nijifanye naugua nianguke. Kweli, nililiwaza hilo pia.

Kidebe kikainama.

Nilipokuja kujielewa nilikuwa nimesimama mbele yake, nimemshika kifundo cha mkono, na nimesema, "Usiweke." Hakukuwa na baba, wala naomba, wala kama itakupendeza. Oili ilimwagika mavumbini, hata tone moja halikuingia kwenye kava.

Mzee Wambura aliutazama mkono wangu juu ya wake mpaka nikauondoa. Hakunitazama usoni. Akamgeukia mshenga.

"Masatu. Kijana wako amenishika."

"Amekushika, ndugu yangu."

"Mbele ya mama yake Veronika na mbele ya wageni."

"Ni mtoto. Lipo jambo la mkanda..."

"Sijauliza la mkanda." Akakiweka kidebe chini taratibu. "Leteni maji."

Maji yaliletwa na Veronika. Yeye ndiye aliyekuwa karibu na jagi. Baba yake akanyoosha mkono, yeye akamimina, na mzee akanawa kutoka vidole hadi kiwiko, polepole, mbele ya watu wote. Veronika hakuinua macho. Nawe unajua kwamba kwetu jambo likishanawiwa mikono namna ile halirudiwi tena.

Tuliondoka kwa miguu, mimi na Masatu, kwenda kutafuta gari Butiama. Jua lilikuwa kali. Nilikuwa nangoja anitukane, mwishowe nikaanza mwenyewe.

"Baba, lakini nilikutuma. Nilikwambia oili haina haja."

"Ulisema haina haja sana."

"Nilikuwa najaribu kuwa na heshima."

Akasimama barabarani. "Heshima ni kazi yangu. Ndiyo maana mnatutuma sisi wazee. Mimi nimesemaga maneno makali kuliko hayo kwenye nyumba za watu, na mabinti wakaolewa. Wewe ungenipa neno zima, ningelifikisha zima, nimelivalisha nguo nzuri. Umenipa neno umeshalikata nusu. Na mimi nikalikata nusu, nikidhani nakusaidia. Mzee kafikiwa na nini? Kafikiwa na hewa." Akaanza kutembea tena. "Halafu ukaenda kumpa lililobaki kwa mkono."

Nikamfuata nyuma.

Baba yako alijaribu kupeleka wazee wengine. Walirudishwa kwa adabu, wakiwa wameshiba. Jibu lilikuwa kwamba hakuna aliyekasirika. Veronika aliolewa na mwalimu, wanaishi Musoma. Nimekutana naye stendi mara chache, tunasalimiana vizuri, na kila mara natafuta neno la kumwambia mpaka gari lake linaondoka.

Utauliza, na pikipiki je? Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Siku ile tulipoondoka mzee aliagiza kidebe kiondolewe. Hakuiwekea oili, siku ile wala baadaye. Ilitembea vizuri, na bado inatembea. Idi alimkuta nayo mnadani hapa Bunda, kijana mmoja anainama kuitazama na kumuuliza oili ya humu inaingilia wapi. Mzee akamjibu, "Hii haili oili. Ukiiwekea umeiua." Idi alinisimulia huku anacheka, akaniambia, "Injinia, mzee kakuelewa kabisa." Sikuweza kucheka. Kumbe alikuwa mtu wa kuelewa. Kumbe angeambiwa tangu mwanzo, kwa mdomo wa Masatu, kwenye kiti chake, angelipokea neno lile lote na "kabisa" yake ndani, na pengine angelisifu. Siku zote zile nilimwogopa mzee mwingine, ambaye nilimtengeneza mwenyewe kichwani.

Sasa tuje kwako. Umepata kazi Lindi. Wakwe zako wanajua kwamba utajenga hapa Bunda na binti yao atakuwa karibu na mama yake. Juzi umeniomba nifuatane na mshenga wako, na ukaniambia, "Baba mdogo, mkaseme bado tunaangalia." Mwanangu, hamuangalii. Tiketi umeshakata, nimeiona kwenye simu yako.

Ninachokuomba ni hiki. Neno gumu lipeleke mapema, wakati watu wamekaa na hakuna aliyeshika chochote mkononi. Lipeleke kwa njia ya desturi, kwa sababu mshenga tumewekewa kwa ajili ya siku kama hizo. Lakini umpe lote. Usilipunguze kwa kuwa unampenda mtu, wala kwa kuwa unamwogopa. Na kama pana tundu ambalo jambo baya linaweza kupitia, lizibe, hata kama ni zuri na linang'aa, na mwenyewe utamweleza kwa nini umeliziba. Na ukimwona mkwe wako kichwani mwako anakataa, kumbuka kwamba huyo si yeye. Yeye yuko kwake na bado hajaambiwa kitu.

Kwa hiyo Jumapili nitakwenda nanyi. Nitakaa pembeni, na mshenga wako akianza kulipunguza neno lako nitakohoa, na asipoelewa nitamwomba tutoke nje kidogo. Atasema kwamba binti anakwenda Lindi, na litabaki hivyo. Wanaweza wakakataa. Hilo siwezi kukuahidi, na nimeliwaza kuliko unavyodhani.

Mungu akutangulie huko uendako, akupe ulimi ulionyooka na mshenga asiyepunguza neno. Akujalie nyumba, na watoto watakaokuambia mambo bila kutetemeka. Na maji yatakayoletwa ukweni kwako siku hiyo yawe ya kunawa kwa ajili ya kula.