Maduara Mawili na Ng'ombe wa Mama Mueni

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu, kila nionapo chaki. Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa kijana wa kulisha ng'ombe katika kituo kimoja cha utafiti karibu na Kawangware, na chumba nilikuwa nimepanga kwa Mama Mueni, mjane kutoka Machakos. Nyuma ya vyumba alifuga ng'ombe mmoja tu, mwekundu. Maziwa yake ndiyo yaliyomlisha yeye na Mueni, binti yake.

Siku hiyo mtaalamu mgeni kutoka Ulaya alitukusanya sisi wafanyakazi, akatueleza kwamba ng'ombe akicheua hutoa gesi isiyoonekana, methani, ambayo hupanda juu na kuzuia joto lisitoke duniani. Mungu wangu! Nilimtazama ng'ombe niliyemlisha asubuhi nikamwona mpya. Pumzi ya mnyama aliyefungwa kamba hapa kwetu inafika mbingu ileile iliyo juu ya Ulaya! Kisha akachora ubaoni kwa chaki maduara mawili, moja methani yote ya nchi yake, la pili ya Kenya. Katika lao, kipande cha mifugo kilikuwa chembamba. Katika letu, mifugo ilimeza karibu duara zima.

Sikuuliza kitu. Jioni nikamwambia Mama Mueni, kifua mbele, kwamba ng'ombe wetu wanaharibu hewa kuliko wa wazungu, hata huyu wake.

"Kweli?" akasema. "Wewe unafanya kazi na wasomi, unajua. Mimi sitaki kuharibu hewa ya Mungu."

Kesho yake kituoni, ubao ulikuwa haujafutwa. Mzee Barasa, mkamuaji wetu, mtu wa Magharibi aliyekaa Sarang'ombe kule Kibera, akausogelea na ndoo yake mkononi.

"Daktari, hizi duara mbona ziko saizi moja? Nyinyi na makampuni yote hiyo, tunalingana kweli?"

Mtaalamu akatabasamu, akasema aliyachora sawa ili kuonyesha migawo tu. Akaanza upya. Letu likatoka dogo kama kifuniko cha sufuria. La kwao, pamoja na machimbo ya makaa, visima vya mafuta na majaa ya taka, mkono wake ulizunguka ukafika ukingoni mwa ubao, ukaendelea ukutani. Nikasogea karibu. Kile kipande chembamba cha mifugo wao kilikuwa kikubwa kuliko duara letu zima.

Mzee Barasa akanigeukia. "Kijana, hii maneno ya jana ulipeleka wapi?"

Nilikimbia. Kwa Mama Mueni, kamba ilikuwa imekunjwa juu ya mlango wa zizi. Mwenye bucha alikuwa ameshapita, akamnunua ng'ombe na kuondoka naye.

"Si ni wewe uliniambia?" akasema, bila hasira, na hapo ndipo nilipoumia. Mueni alikuwa mlangoni akinywa chai isiyo na maziwa.

Mwanangu, ukionyeshwa kipande, uliza kimekatwa kwenye nini. Sehemu kubwa ya kitu kidogo yaweza kuwa ndogo kuliko sehemu ndogo ya kitu kikubwa. Sisemi ng'ombe wetu hawana pumzi. Wanayo, na hewa ni moja. Lakini kabla hujampelekea neno mtu anayekuamini, rudi ubaoni ukaulize. Mimi nilistaajabia mbingu, kisha nikastaajabu zaidi kwamba neno langu, mlisha ng'ombe tu, lilitosha kumtoa ng'ombe zizini.

Mungu akupe ulimi usio na haraka, na maziwa yasikauke nyumbani kwako.