Kiatu Changu Njia ya Itigi

Niliondoka Kiomboi nikiwa na hasira, na sioni haya kusema hivyo. Mume wangu, Elia, karani wa stesheni ya Itigi, alikuwa ameandika gazetini kisa cha safari yetu ya Tabora kwa treni. Mimi nilikuwa kwa wazazi wangu na mtoto wetu mchanga, Naomi, na watu wa kwetu walikisoma kabla yangu. Nilikwenda kisimani, mtoto mgongoni, nikasikia wanawake wananiita Mama Kizibo.

Mambo yalikuwa hivi. Tulikuwa tunampelekea mjomba wa Elia asali. Baba yangu ni mtu wa mizinga, na nimekua nikijua kwamba asali mbichi huchacha njiani na kuvimba, kwa hiyo kibuyu chake huzibwa kwa majani, kipumue. Elia hakutaka asali imdondokee suti. Akakiziba kwa nta na kupigilia kijiti juu yake. Nilipomkanya akaniambia mimi nimezoea punda, hii ni treni. Jua lilipopanda, kizibo kiliruka na asali ikamshukia mhubiri mmoja mwenye upara aliyesinzia chini ya mzigo wetu. Lakini gazetini, aliyekiziba ni mke, msomi asiyejua kufunga kibuyu.

Kwetu anayekucheka mbele za watu ni mtani wako, na wewe una haki ya kumrudishia. Mume si mtani. Nilimwambia mama kwamba nakwenda Itigi, na Elia asipoandika ukweli katika gazeti lile lile, nitarudi na mtoto wangu na safari hiyo itakuwa ya mwisho. Mama hakubishana. Alinifungia viazi, akasema, "Vaa viatu vyako vya harusi. Usiende kugombana kama mtu aliyefukuzwa."

Singida nilipata lori la magunia ya karanga. Abiria tulikaa juu ya magunia. Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Kinyaturu, Mama Salima, anayetoka kumzika kaka yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ya mtu aliye mbali, kisha akafunika uso kwa kanga yake.

Tulipoipita Mwankoko kidogo, lori likazama. Mvua ilikuwa imenyesha, na pale barabara inapita kwenye mbuga ya udongo mweusi. Wanaume walishuka kukata matawi ya kutandika chini ya magurudumu. Sisi wengine tulibaki juu, jua likituchoma, watoto wakilia. Ndipo mzee mmoja, fundi cherehani, alipotoa gazeti mfukoni akasema atatusomea kitu cha kutuchangamsha. Nilijua ni kipi kabla hajafungua kinywa.

Alisoma vizuri, na hilo ndilo lililoniudhi. Watoto waliacha kulia kwa kuona wakubwa wanacheka. Alipofika pale mhubiri anapoamka, anajipapasa upara na kushukuru kwa kutiwa mafuta kama mfalme, Mama Salima alifunua uso. Alicheka mpaka akashika mbavu, machozi yakimtiririka. Na mimi nikacheka. Nilicheka kabla sijajizuia, kwa sababu nilikuwepo na ndivyo ilivyokuwa kabisa. Kisha fundi akasoma habari za mke msomi, wote wakaangua kicheko tena, na mimi nikasimama na mtoto wangu nikaruka chini. Nilikusudia kwenda zangu kwa miguu.

Sikwenda mbali. Hatua chache tu, mguu mmoja ukaingia hadi gotini. Walinivuta wakanitoa, lakini kiatu kilibaki humo. Mwanamume mmoja alichokoa tope kwa fimbo mpaka akachoka.

Mama Salima alishuka, akanipangusa mguu kwa majani, akauliza polepole nina nini. Nikamweleza yote.

"Basi nimecheka juu ya mgongo wako, mwanangu. Nisamehe. Lakini tangu tumzike kaka yangu sikudhani nitacheka tena." Akaendelea kupangusa. "Mumeo ana ulimi mtamu. Ila ni mwoga. Angejisema mwenyewe, ningempenda zaidi."

Tulikaa pale mpaka jua likapungua, na watu wakaanza kusimulia mikasa yao ya njiani. Fundi alieleza jinsi alivyopanda treni ya kwenda pwani huku anakwenda Tabora, akawashangaa abiria wote, akidhani wao ndio waliopotea. Tukacheka sana. Mwingine akasimulia ujinga wa shemeji yake, na hakuna aliyecheka. Mtu mmoja akamuuliza kama shemeji mwenyewe angekuwapo angesemaje. Nililiweka hilo moyoni.

Lori lilinasuka jioni, na Itigi nilifika kesho yake, nimevaa kiatu kimoja. Elia alikuwa dirishani akikata tiketi. Alinitazama uso, akatazama mguu, akafunga dirisha.

Nyumbani nilimwambia nilichokwenda kusema. Alikuna kichwa. "Nikijiandika mimi, mama Naomi, bwana stesheni, mkubwa wangu, atasema karani huyu hawezi kufunga kibuyu, atawezaje kufunga mizigo ya watu?"

"Na mimi kisimani wamesema nini?"

Aliutazama tena mguu wangu, akauliza kiatu kiko wapi. Nikamsimulia kuhusu tope na mguu, na hasira yangu ilivyokwama njiani kama lori. Nikaona anavyojibana midomo.

"Cheka," nikamwambia. "Hiki ni changu, nimekuruhusu."

Tulicheka wote wawili, Naomi akitushangaa. Kisha akasema kisa hicho angekiandika vizuri sana.

"Hukiandiki. Wewe andika nta. Kiatu nitaandika mimi."

Alinuna siku kadhaa, lakini aliandika, na ukweli ulitoka katika gazeti lile lile. Bwana stesheni alimtania juma zima, basi. Abiria nao wakawa wanachelewa dirishani wakimsimulia mabegi waliyopoteza na stesheni walizopitilizwa wakiwa usingizini. Nadhani kila mtu anabeba aibu yake ya safari akingoja mwenzake aanze.

Kiangazi kilipoingia nilirudi Kiomboi, kuchukua vyombo vyangu nihamie Itigi. Karibu na Mwankoko, dereva alipunguza mwendo. Kando ya barabara kulikuwa na mti umechomekwa ardhini, na juu yake kiatu cha kike, tope limekaukia. Dereva alisema wenzake ndio waliokifukua na kukitundika. Ni cha mama fulani aliyeruka kwa hasira. Kinaonyesha palipo na kina, na tangu kiwekwe hapo hajasikia gari lililozama.

Nikamwambia mama huyo ni mimi. Akageuka, akanitazama miguu, akauliza kama asimame nikakichukue.

Nikamwambia akiache.