Kuku Aliyechinjwa kwa Sababu ya Kofia Yangu

Nywele zilianza kunihama nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na hazikuhama kwa adabu. Zilitoka pande mbili za paji la uso, kisha utosini, zikaacha katikati kijisehemu kama shamba lililopaliliwa na mlevi. Kinyozi wangu wa Kangemi, kijana wa rika langu, siku moja alizima mashine akaniuliza, "Buda, sasa hapa mbele tufanye aje?" Wateja waliokuwa kwenye benchi wakainua macho wote. Nililipa, nikatoka kichwa kikiwa kimenyolewa nusu, na sikurudi pale tena.

Nilijipaka maji ya vitunguu mpaka mto wangu ukanuka kama jiko la hoteli. Nikajaribu mafuta ya nyonyo. Mwishowe nikanunua marvin, ile kofia nyeusi ya sufu, nikaivuta hadi kwenye nyusi. Mchana nilisitiriwa na helmeti, maana mimi ni fundi wa umeme na wakati huo tulikuwa tukipitisha nyaya kwenye ghorofa moja Kileleshwa. Jioni nilijificha nyuma ya magunia ya saruji, nikavua helmeti na kuvaa marvin upesi kama mtu anayebadilisha suruali barabarani. Krismasi mbili mfululizo sikwenda nyumbani Magharibi. Nilisingizia kazi.

Basi Mama akaja mwenyewe. Alikuwa na mtoto wa jicho, na kliniki moja ya Hurlingham ilikuwa imempa siku ya kupasuliwa. Alifika kwangu Mountain View na kikapu cha unga wa wimbi na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, akanipapasa mashavu akisema nimekonda. Naona haya kuandika haya, lakini nilishukuru kwamba macho yake yalikuwa na ukungu. Mama yangu alikuwa hanioni vizuri, na mimi nilifurahi.

Nilichosahau ni maombi. Mama huomba kabla ya kula, kabla ya kulala, na kabla ya kutoka mlangoni. Na kwetu sheria ni moja: mwanamke hujifunika kichwa, mwanamume huvua kofia. Jioni ya kwanza alijitanda leso akasema, "Tuombe." Nikashika simu. "Mama, mdosi wa kazi ananipigia," nikasema, nikatoka nje kwenye veranda. Nilisimama pale na simu iliyozimika sikioni mpaka niliposikia "Amina," ndipo nikarudi kula.

Jioni ya pili nikaenda kununua maziwa. Ya tatu nikasema tumbo linanisumbua. Ya nne hakusema tena "Tuombe." Aliinamisha kichwa peke yake, akasogeza midomo bila sauti, akanipakulia.

Jicho lilipasuliwa salama. Kitambaa kilipotolewa, Mama alianza kuona kila kitu: vumbi juu ya kabati, kitasa kilicholegea, na mimi. Nilimwona akiniangalia jioni nikitoka mjengoni. Kwa kawaida siingii ndani na saruji mwilini. Nilisimama kwenye mfereji wa veranda nikaosha mikono hadi viwiko, uso, kisha miguu, marvin ikiwa kichwani. Alinitazama mwanzo hadi mwisho kutoka mlangoni. Alipumua kwa nguvu, akaingia ndani.

Jumamosi nilirudi mapema nikakuta harufu ya kuku kwenye ngazi nzima. Chini pale anaishi fundi cherehani, mzee mpole anayeswali msikiti wa karibu. Alikuwa akivuta shati kwenye mashine. Aliniona, akasimama kabisa.

"Salaam aleikum," akasema, akinipa mkono. "Mama yako aliniletea yule jogoo nimchinje. Ameniambia. Lakini mbona hukunijulisha, kijana wangu? Ijumaa twende pamoja."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa yote kwa mpigo mmoja: kofia isiyovuliwa, maombi ninayoyakimbia, miguu ninayoiosha kila jioni. Mama alikuwa amejumlisha. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia yule mzee ukweli. Nikanung'unika kitu nisichokijua mwenyewe, nikapanda ngazi.

Mama alikuwa ameandaa ugali wa wimbi. Aliniwekea firigisi, kipande cha mwanamume wa nyumba, akakaa mbele yangu. Leso ilikuwa mabegani, hakujitanda.

"Kula, baba," akasema. "Nimeuliza vile inafanywa. Ni halali. Wewe ni mtoto wangu tu."

Huyu ni mwanamke aliyeanza kunipeleka kanisani nikiwa mgongoni. Na yeye, kwa siku tano, akiwa na jicho bichi la upasuaji, alikuwa ameomboleza peke yake, kisha akashuka ngazi na jogoo wake kumtafuta mtu wa kumchinja ili mimi nile kwa amani. Ilitosha kuinua mkono tu na kuivuta ile sufu. Mkono ulikuwa umeshika firigisi. Nilikula. Nilimwacha mama yangu aamini kwamba nimebadili dini, mradi asione upara.

Jumatatu nilimsindikiza mjini kupanda basi. Kulikuwa na manyunyu, na makanga walikuwa wakiita abiria. Mama kila mara huomba kabla ya safari. Safari hii alisimama mbele ya mlango wa basi, akanishika mkono, akaniuliza polepole, kama mtu anayeuliza njia:

"Na nyinyi huombea safari aje? Nifundishe, niseme na wewe."

Hapo ndipo niliposhindwa. Nikavua kofia.

Mvua ikanipiga utosini moja kwa moja. Makanga mmoja akacheka, "Heh, mzae!" Mama hakucheka. Aliangalia kichwa changu kwa lile jicho jipya, upande huu, upande ule. Nilingoja aniambie si kitu, kwamba hata baba yake alikuwa hivyo.

"Ni nywele?" akauliza.

"Ndiyo, Mama. Ni nywele tu. Sikutoka kanisani."

"Nimelia kwa nyumba yako siku tano," akasema, "na ulikuwa unanisikia."

Ni kweli. Chumba ni kimoja na pazia. Nilikuwa nikimsikia.

Alijitanda leso, akaomba kwa sauti, akaniombea hasa ulimi. Kisha akachukua marvin kutoka mkononi mwangu, akaitia kikapuni na kupanda basi. Nilitembea kichwa wazi mpaka Kileleshwa, na nilichokionea haya njiani hakikuwa kichwa.

Ningependa kusema niliacha kofia siku hiyo. Nilinunua nyingine wiki hiyo hiyo, na bado ninaivaa. Lakini Mama humaliza kila simu kwa maombi, na akisema "Tuombe," mimi huivua popote nilipo, hata katikati ya mjengo na mafundi wakitazama. Yeye kwa simu haoni, wala hajawahi kuniuliza kama nimeivua.