Mkono Uliotangulia

Pale kwenye chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Mama Pasi, na jina likamkaa. Mashuka ya wodi zote yalimfikia yamekunjamana, yakatoka mikononi mwake yamenyooka. Kunyoosha ndiyo kazi aliyoiweza. Maisha yake mwenyewe hayakuwahi kukubali pasi.

Mume alimwacha wakati bado ana uso wa kutazamwa. Hakumfukuza wala hakumpa talaka. Aliondoka tu asubuhi moja na begi, akisema anakwenda kutazama kazi, kumbe anakwenda kutazama mke. Miaka ikapita. Kisha kiharusi kikampiga huko huko kwenye raha zake, na yule mke mdogo, ambaye hakuwahi kumfulia hata soksi, akampakia kwenye gari akamshusha mlangoni kwa Mama Pasi pamoja na godoro lake. Ukoo ukakusanyika. Hakuna aliyemlazimisha, na hilo walilirudia sana. Uamuzi ni wako, walisema, sisi tunakuachia wewe. Walisema hayo mgonjwa ameshalazwa ndani na wao wameshavaa viatu.

Alikuwa na chumba kimoja. Kitanda akampa mgonjwa, mwenyewe akalala chini, kati ya jiko na ndoo. Alimgeuza, akamwosha, akamlisha uji kwa kijiko, huku akimtukana kimoyomoyo. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya mume maneno yote kikamwachia moja tu: baadaye. Ukimuuliza kama ana njaa, baadaye. Ana maumivu, baadaye. Jirani alicheka mpaka akajishika mbavu, maana mtaa mzima ulijua kuwa ndilo jibu alilompa mkewe tangu ujana, alipoombwa kuziba paa, alipoombwa kwenda kumwona mtoto wao aliyelazwa. Jirani akasema afadhali limebaki lile analolijua vizuri. Mama Pasi naye alicheka. Kisha akaenda nyuma ya nyumba kuanika nguo, akakaa huko kitambo.

Wakati huo hospitali ilileta mshauri wa kuwatuliza wafanyakazi, binti mmoja mwenye sauti ya taratibu. Aliwakalisha kwenye viti vya plastiki, akawaambia wafumbe macho, wafuate pumzi zao. Siku ya kwanza Mama Pasi alikoroma, na wenzake wakamuuliza huko mbinguni kamwacha nani. Lakini alirudi, kwa sababu hapo ndipo mahali pekee ambapo mtu alimwambia akae. Mshauri aliwafundisha kumtakia amani mtu wampendaye, kisha mtu wasiyemjua, kisha aliyewakosea. Kwa marehemu mama yake maneno yalitoka. Kwa bawabu wa hospitali, asiyemjua hata jina, yalitoka. Alipofika kwa mume ulimi uligoma, ikabidi aongeze kidogo: nakutakia amani, mbali na kwangu.

Neno lililomwingia zaidi lilikuwa nafasi. Mshauri alisema kwamba kati ya jambo linalokupata na lile utakalolitenda ipo nafasi ndogo. Mtu akitulia ataiona, na humo ndimo anamochagua. Mama Pasi alidhani wanaongelea vyumba. Akanyoosha mkono, akasema kwake nafasi hakuna, mgonjwa ameijaza yote. Watu wakaangua kicheko. Mshauri hakucheka. Alimweleza tena, polepole, kwamba nafasi hiyo iko ndani yake na hakuna wa kumwingilia humo. Basi akaanza kuitafuta. Akiinua pasi, kabla hajaishusha, anasubiri pumzi moja. Siku nyingine alihisi kitu pale, chembamba kama ufa wa mlango. Akajiambia, kumbe naweza kukataa.

Akamwita shemeji yake, mdogo wa mume, aje na gari amchukue kaka yake ampeleke kwa wifi, dada yao. Wote walijua kwamba wifi angemweka stoo ya nyuma na kumsahau. Mama Pasi alilijua hilo kuliko wote. Hata hivyo alitaka, mara moja tu katika maisha yake, jambo litokee kwa sababu yeye amesema.

Shemeji alikuja Jumapili mchana. Gari aliliacha linanguruma nje, akasimama katikati ya chumba akichezea funguo, hata kiti hakukitaka.

"Shemeji, mimi sina maneno mengi," alisema. "Ukisema aende, namchukua sasa hivi. Lakini useme kwa mdomo wako. Kesho usije ukalia kwamba tulikunyang'anya mume."

"Nitasema. Nipe dakika nitulie."

"Tulia. Ila gari lenyewe la watu, shemeji."

Akafumba macho. Alivuta pumzi kama alivyofundishwa, akaitafuta ile nafasi, akaiona inafunguka, na neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Hapo akamsikia mume anapaliwa. Mate yalikuwa yamemjaa kooni. Mama Pasi alipofumbua macho alijikuta ameshapiga magoti kando ya kitanda, kiganja kimoja kisogoni mwa mume, kingine kinamfuta kidevu kwa kitambaa. Hakukumbuka kuinuka. Hakukumbuka kuamua.

"Basi, shemeji," alisema yule bwana, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. "Umeshajibu."

"Sijajibu. Ngoja kwanza. Amepaliwa tu, hata mbwa ningemfuta."

"Nimeona kwa macho yangu. Moyo wako umechagua. Mungu akulipe."

Akatoka. Mama Pasi alitaka kumfuata, lakini angekiachia kile kichwa kingeanguka nyuma, na mate yangerudi kooni. Bado angeweza kupiga kelele. Alifungua mdomo, na mume akamtazama kwa lile jicho lake zima, jicho lenye hofu, la mtu anayesikia watu wanampangia pa kumtupa. Sauti haikutoka. Gari likaondoka.

Jirani alikuwa amesikia yote dirishani. Akaenda kuwatangazia wanawake bombani kwamba mke wa namna hii hazaliwi tena: kaletewa gari mpaka mlangoni, kalikataa kwa hiari yake. Wakaja mmoja mmoja kumshika bega na kumsifu. Aliwapokea akiwa bado amepiga magoti. Alitaka kuwaambia kwamba hakuchagua, ila wangemuuliza ni nani basi aliyechagua, na hakuwa na mtu wa kumtaja. Akawaomba wampishe. Mgonjwa alikuwa amejichafua, na maji yalikuwa hayajachemka.